Kila Nyumba Ije na Kalamu Yake

Nyinyi vijana mlioingia kitengo cha barabara mwaka huu mmepewa simu inayopima ardhi kwa msaada wa mbinguni. Siwaonei wivu. Haya, nawaonea kidogo. Wakati wetu mbingu ilikuwa ya kuleta mvua tu, na barabara tuliipima kwa tepu ndefu, mtu mmoja kila upande, na yule wa upande wa matope nilikuwa mimi.

Jina langu Barasa. Nilitoka Busia upande wa Kenya na cheti changu cha darasa la saba, miaka michache baada ya vita, wakati Kampala ilikuwa inatafuta watu wa kuziba mashimo. Mashimo mengine yalikuwa ya mabomu na mengine ya uzembe, lakini kokoto zilikuwa zile zile. Nilianza na chepe, nikapanda nikafika kwenye nyundo ya vigingi, nikaishia kwenye tepu. Kuna watakaosema hapo sikufika mbali. Mimi niliona nimefika, kwa sababu nilikuwa mtu wa kuota mchana. Kila tulipopigilia kigingi nilikuwa naiona barabara nzima imekwisha, miti imesimama pande zote mbili, mtu anatembea kutoka Kisugu hadi soko la samaki la Ggaba bila jua kumgusa kichwa. Halafu naitwa kwa sauti kali, nagundua nimeivuta tepu hadi ndani ya mtaro na mimi mwenyewe nimo.

Aliyeniita alikuwa msimamizi wetu, Ssalongo. Waganda humwita hivyo baba wa mapacha, na yeye alikuwa amepata mapacha mara mbili, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumwita kitu kingine. Jina lake la cheti nililisikia siku tulipomzika, nikadhani tumekosea msiba.

Huyu mtu alinifundisha mambo ambayo hayamo kwenye simu zenu. Mfano ni mbuzi. Tulipanda miche kando ya barabara inayopanda kilima cha Lubaga, jioni tukaiacha mizuri, asubuhi tukakuta vijiti. Ssalongo hakugombana na mtu. Aliokota mavi ya mbuzi wale wale, akayakoroga na maji kwenye ndoo, akatuambia tupake majani ya miche mipya. Mbuzi ni mnyama mwenye staha, hali alichokinyea. Alikuja, akanusa, akatutazama kama tumemtukana, akaenda zake. Shida ni kwamba mvua ikinyesha dawa inaoshwa, inabidi upake tena, na mimi nilipaka asubuhi ya siku ambayo mheshimiwa mmoja alikuja kupigwa picha akiupapasa mche. Aliupapasa kwa upendo sana. Halafu akasalimiana na watu wote kwa mkono. Kwa hiyo andikeni: kabla ya kupaka, uliza ratiba ya wageni.

Jambo lingine la Ssalongo lilikuwa ulimi wake. Kiganda kina sheria yake ya ra na la, na Ssalongo aliihamishia sheria hiyo yote kwenye Kiswahili. Barabara ilikuwa balabala, ramani lamani, na mimi nilikuwa Balasa tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Tulizoea. Mtaa mzima ulizoea. Alipomfanyia binti yake sherehe ya kutambulishwa kwa wakwe alipita mitaa ya chini ya kilima cha Kisugu akialika watu kwenye "kalamu kubwa", na hakuna hata mmoja aliyekwenda na daftari. Walikwenda na njaa, wakala ndizi na nyama mpaka mikanda ikafunguliwa. Tangu siku hiyo, kule chini, kalamu ya Ssalongo ilijulikana ni kitu gani.

Sasa niwaambie habari ya mfereji.

Chini ya Kisugu, kilima kinapokwisha na kinamasi kinapoanza, palikuwa na nyumba nyingi za familia za polisi na askari, wengi watu wa kaskazini, na katikati yao Wakenya wafanyabiashara. Lugha ya pale ilikuwa Kiswahili, kila mtu na chake. Mvua ikinyesha maji yalishuka kutoka juu yakaingia kwa watu bila hodi. Na mvua yenyewe ilikuwa imebadilika. Zamani ilikuwa inajulikana miezi yake kama sikukuu, lakini miaka ile ilianza kuja ikijisikia, inamwaga kwa saa moja maji ya wiki nzima. Ikaamuliwa pajengwe mfereji mkubwa. Ofisini wakachora mstari, sisi tukatumwa kuweka alama nyekundu kwenye nyumba zitakazobomolewa.

Mstari ule ulipita katikati ya nyumba ya Mama Okello.

Mama Okello alikuwa mjane wa polisi, mtu wa Kitgum, mrefu, mwenye sauti ya taratibu inayokufanya ujikague kama umenawa. Vyumba vyake viwili alivijenga mwenyewe baada ya mume kufa, tofali baada ya tofali, na nyuma alikuwa na jiko ambamo mafundi na watu wa tepu walikula mchana. Mimi nilikuwa mtu wa meza ile. Siku niliyofika na kopo la rangi alikuwa anachambua mboga mlangoni.

"Wewe Mukenya," akaniambia, "umekula kwangu miaka ngapi?"

"Mingi, Mama."

"Basi paka. Lakini jua maji haipiti hapa. Hata siku moja haijapita hapa. Maji inapita kule kwa ukuta ya Mwami Kaggwa."

Nikapaka. Nilipaka huku nimegeuza uso, na alama ya X ikatoka kama kaa aliyekanyagwa. Mama Okello akaleta maji ninawe rangi, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwa sababu mtu anayekutukana unaweza kumkasirikia ukalala. Nikamwambia Ssalongo kwamba mama anasema mstari umekosea. Akanijibu kwamba lamani haikalipiwi, Balasa, lamani inatoka juu.

Mambo yangeisha hivyo kama asingekuja Madamu Birungi. Alikuwa afisa mpya wa mipango miji, bado kijana, viatu vyake vya kwanza vilimezwa na kinamasi siku ya pili tu. Alikuja na mwongozo wa halmashauri, karatasi nyingi zimebanwa pamoja, akatukusanya chini ya paa la stoo kutueleza. Neno la kwanza lilikuwa korido. Kwenye Kiswahili cha vitabu nasikia ni ushoroba, lakini sisi tuliliacha hivyo hivyo. Ssalongo akanyoosha mkono akasema korido anaijua, iko ndani ya hospitali, sasa hospitali yenyewe iko wapi. Madamu akaeleza bila kucheka kwamba barabara, mfereji, njia ya miguu na miti vipangwe kama kitu kimoja, kwa sababu kila kimoja kikipangwa peke yake huwa kinamlia mwenzake nafasi. Nilimpenda hapo hapo, kikazi. Ilikuwa ndoto yangu ile ile, ila yeye alikuwa nayo kwenye karatasi yenye muhuri.

Neno la pili lilikuwa tabianchi. Ssalongo aliuliza ni nani amepeleka mashtaka kuhusu tabia ya nchi, maana hiyo mbaya tunaijua wote, lakini kitengo chetu ni cha barabara tu.

La maana kuliko yote lilikuwa ukurasa wa mwisho. Mwongozo ulisema kabla mstari haujapitishwa, wakazi waitwe wachore wao wenyewe kwenye ramani: maji yanapita wapi, watu wanapita wapi, kivuli kiko wapi. Ramani hiyo yenye alama zao ndiyo itakayopelekwa kwenye kamati. Mkutano ungekuwa mmoja tu. Bila ramani yenye alama, mstari wa zamani ungebaki. Nikamkumbuka yule kaa wangu mwekundu kwenye ukuta, nikaona mlango mdogo umefunguka.

Tukaomba kalamu stoo. Mtunza stoo akasema zimekwisha. Madamu akaamua kila mtu aje na yake, akaniambia niandike tangazo kwa Kiswahili, Ssalongo alisome kwa kipaza sauti. Niliandika kwa herufi kubwa: Jumamosi saa sita, uwanja wa shule, mkutano wa mpango wa barabara na mfereji, kila nyumba ije na kalamu yake.

Ssalongo alipita mitaa yote akilisoma. Nilitembea nyuma yake nikisikiliza kila neno, na nawaapia vijana wangu, siku ile alisema kalamu, akimaanisha kalamu, kama ilivyo kwenye kamusi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue herufi ile ilikuwa mahali pake. Na kule chini hakuna hata mtu mmoja aliyemwamini.

Jumamosi saa sita wakaja. Wa kwanza alikuwa mke wa sajini na sufuria ya maharage kichwani. Nikadhani anapita. Wa pili alikuja na chapati zimefunikwa kwa kitambaa cha kufuma. Wakaja na samaki wa Ggaba, mihogo, ugali wa mtama, kuku aliyekaangwa ambaye kwa harufu yake tu alisimamisha mkutano kabla haujaanza. Mama Okello alikuja na sufuria ya malakwang, ile mboga chachu ya kwao, imekorogwa na odii nzito, yaani simsim na karanga zilizosagwa pamoja mpaka zikatoa mafuta. Wakazipanga sahani kwenye madawati ya shule, wakakaa, wakamtazama Madamu Birungi kama watu wanaomsubiri padri abariki chakula.

Madamu alinivuta pembeni akaniuliza niliandika nini hasa. Nikamwonyesha. Akasoma mara mbili. Nikaenda kumuuliza Mama Okello, akanieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa.

"Sisi tunajua Ssalongo. Yeye hawezi kusema karamu. Sasa akisema kila nyumba ije na kalamu yake, tukaona jiji haina chakula, inataka kila mtu alete. Ni haki. Tukapika."

Ssalongo mwenyewe alikuwa ameshakaa karibu na kuku. Alisema mwongozo huu wa tabia ya nchi ameanza kuuelewa.

Waliokuja na kalamu walikuwa wale wa juu kilimani, wenye nyumba za kupangisha kule chini, kwa sababu kwenye Kiganda kalamu huitwa ekkalaamu, na wao waliposikia walielewa. Walikuwa wachache. Mkubwa wao alikuwa huyo Mwami Kaggwa, yaani Bwana Kaggwa, mzee wa suti hata siku ya joto, kalamu nne zimepangwa mfukoni kwa ukubwa. Alitangulia kwenye ramani, tuliyokuwa tumeitandaza juu ya meza ya mwalimu, akachora mstari mzuri, mnyoofu, juu ya ule ule wa ofisini. Ukuta wake haukuguswa. Nyumba ya Mama Okello ilichanwa mara ya pili.

Madamu akamwomba awaazime wengine kalamu. Mwami Kaggwa akafunga koti. Alisema kalamu ni kama mswaki.

Basi watu wa chini wakasimama kuizunguka meza, wamekula, wameshiba, hawana cha kuandikia. Mama Okello akaiinamia ramani, akatafuta msikiti, akatafuta kona ya shule, akapata. Kidole chake bado kilikuwa na odii. Akakiweka pale msikitini na kuanza kukishusha polepole, anaongea peke yake: maji inatoka hapa, inagonga hapa, inageuka. Kidole kikapita nyuma ya vyumba vya kupangisha vya Mwami Kaggwa, kikapita juu ya ukuta wake, kikaingia kinamasini. Nyuma yake karatasi ilibaki na mstari wa kahawia, mnene, unaong'aa.

Mwami Kaggwa alisema serikali haichorwi kwa mchuzi.

Lakini mke wa sajini akachovya. Mwenye chapati akachovya. Mmoja mmoja walichovya kwenye sufuria ile ile, na kila kidole kilishuka njia ile ile, wengine wakigombana hapa mkono wa kushoto kidogo, hapa kulia, mpaka ramani ikawa na mto wa odii ambao mtu angeweza kuulia ugali. Madamu alitaka kuwazuia, nikamwona, akafumba mdomo.

Sasa tukawa na mistari miwili, mmoja wa wino na mmoja wa kula. Mwami Kaggwa akasema neno lake ni la mwenye ardhi na la wale ni la wapangaji na wajane. Watu wakaanza kupandisha sauti. Hapo ndipo mimi, mtu wa tepu, ambaye kazi yangu ni kushika na kunyamaza, nilipojikuta nimesema kitu.

Nilisema twende tukaangalie vitanda.

Hili liandikeni, lina faida kuliko mavi ya mbuzi. Mtu anaweza kukudanganya kuhusu mpaka, kuhusu hati, kuhusu umri wa nyumba. Kitanda hakidanganyi. Mahali maji yanapoingia watu huinua vitanda kwa matofali, na matofali yanakwambia maji yamefika wapi. Ukikuta tofali moja kila mguu, yamelowesha sakafu. Ukikuta matatu, usiku mmoja mtu ameamka anaelea.

Madamu alivua viatu, akavishika mkononi, akasema twende. Tukatoka kama maandamano ya harusi, wengine na sahani zao. Tulianza kwa Mama Okello. Alifungua mlango, akafunua shuka la mbele ya kitanda. Miguu ya kitanda ilikuwa chini sakafuni, haina hata kibao. Kuku wake alikuwa ameatamia uvunguni, akatukasirikia tukatoka.

Kisha tukaenda kwenye vyumba vya kupangisha, nyuma ya ukuta. Mwami Kaggwa alisema vyumba ni vyake na haoni sababu. Lakini wapangaji walikuwa nasi, walikuwa wamekula nasi, wakafungua wenyewe. Chumba cha kwanza kitanda kilikuwa juu ya matofali manne kila mguu. Cha pili manne. Cha tatu kilikuwa juu sana hata kilikuwa na ngazi ya kupandia, na godoro lilikaribia mabati. Mwami Kaggwa aliinama akaingia. Nadhani tangu ajenge hajawahi kuingia humo mtu akiishi. Alisimama katikati ya chumba, kitanda kinamfika kifuani, suti yake imeshika utando wa buibui.

"Hapa mnalala kitandani au mnalala darini?" akauliza.

Mpangaji, mwanamke wa Kenya muuza nguo, alimjibu kwa adabu kabisa: "Tunalala juu ya mvua, Mwami. Ukuta wako unaizuia isitoke, inakaa nasi mpaka asubuhi."

Aliutazama ule ukuta kupitia dirishani, kisha akatoka akaenda zake kilimani taratibu. Ule mstari wake hakuutetea tena.

Mngedhani imeisha. Ramani ikakunjwa, ikapelekwa ofisini, ikawekwa kabatini kungojea kamati. Kamati iliahirishwa mara moja, ikaahirishwa mara ya pili. Wiki kadhaa nilipita kwa Mama Okello nikila chakula chake huku nimempa mgongo yule kaa wangu ukutani, nikimwambia bado kidogo, Mama, bado kidogo.

Asubuhi ya kamati Madamu alitutuma mimi na Ssalongo tuitoe ramani. Tukafungua kabati. Panya walikuwa wameitangulia kamati.

Wino wa Mwami Kaggwa ulikuwa mzima, hawakuugusa. Odii waliila yote. Walianza msikitini, wakala kushuka, wakala nyuma ya vyumba vya kupangisha, wakala ukuta, wakala mpaka kinamasini, na palipokuwa na alama za watu wa chini pakabaki tundu refu lenye kingo za meno. Madamu Birungi aliishika ramani kwa ncha mbili, akatutazama kupitia hilo tundu, akakaa kwenye kiti. Ramani yenye alama za wakazi, na alama hakuna. Niliona nyumba ya Mama Okello inaanguka tofali baada ya tofali. Nilikuwa mtu mzima, na machozi yalinijaa mbele ya makabati.

Ssalongo ndiye aliyeichukua. Aliigeuza huku na huku, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Akaomba nakala safi ya ramani ile, akailaza iliyoliwa juu yake, akaibana kwa viganja vyake viwili vipana.

"Balasa," akasema, "leta kalamu. Ya kuandikia."

Nikapitisha kalamu ndani ya tundu, kutoka juu hadi chini, bila kuinua mkono. Panya walikuwa wamekata safi kuliko mkasi. Madamu akaandika pembeni kwamba mstari huu umechorwa na wakazi, na kwamba nakala ya kwanza iliharibika kwa sababu zisizozuilika. Alipoulizwa na kamati harufu ya karanga kwenye karatasi ni ya nini, alisema ni ya ushirikishwaji. Wakapitisha.

Mfereji ukajengwa pale. Ukuta wa Mwami Kaggwa ulishuka, na njia ya miguu ikapita, na miti tukaipanda miwili miwili, nikaipaka dawa mimi mwenyewe baada ya kuuliza ratiba. Wapangaji walitoa matofali chini ya vitanda, wakajengea jiko. Mama Okello alipaka ukuta wake chokaa, akanikatalia nisimsaidie, akasema kazi yangu ya rangi ameshaiona.

Mkishuka huko mtaona mahali, mkabala na nyumba yake, mfereji unapinda kidogo kisha unarudi. Mwaka jana injinia mmoja kijana, pengine yuko hapa kati yenu, alinitafuta nyumbani na simu yake kuniuliza sababu ya kitaalamu ya ile kona. Kulikuwa na mwamba? Bomba la zamani? Mzizi? Nilitaka sana kumpa jibu la heshima, maana alikuwa amekuja kwa miguu na kulikuwa na jua. Nikashindwa. Nikamwambia pale ndipo panya mmoja alipompisha mwenzake.